Kujisikia Mzima Siyo Kupona



Leo tuzungumze juu ya saratani ya damu. Katika aina moja ya ugonjwa huu, chembe nyeupe za damu huzaana kupita kiasi. Tone dogo kama kichwa cha pini huwa na chembe 4,000 hadi 11,000. Kwa mgonjwa zaweza kupita 100,000. Bandama huvimba, nguvu huisha. Watu husema, "Karogwa."

Tangu mwaka 2001 viko vidonge viitwavyo imatinibu. Mgonjwa humeza kila siku. Baada ya miezi michache tumbo hupungua, anarudi shambani. Anasema, "Nimepona," anaacha dawa. Hapo ndipo hatari ilipo!

Sote tunaijua ndago katika shamba la pamba. Ukipalilia, juu panakuwa safi, kumbe vinundu vimo ardhini. Saratani nayo ni hivyo hivyo. Hesabu ya chembe ikiwa nzuri, bado kuna kipimo kingine cha damu. Hicho hutafuta alama ya ugonjwa iliyojificha, iitwayo BCR-ABL.

Basi mgonjwa wa Shinyanga au Geita anayetibiwa Bugando, Mwanza, asikose siku ya kupimwa. Asiache dawa mpaka daktari aseme. Akikosa nauli, sisi jamaa tuchange.