Pimeni Mikono Yote Miwili

Ugonjwa wa Takayasu, ulioelezwa mwaka 1908 na daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, huwapata zaidi wanawake wenye umri chini ya miaka 40. Seli za kinga huvamia ukuta wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kupitia vimishipa vinavyoulisha. Ukuta unavimba na kunenepa, njia ya damu inasinyaa, mapigo ya mkono yanafifia hata kupotea. Homa na kukonda hutangulia, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni kifua kikuu.

Kwa binti wa Mamba au Suji mwenye dalili hizo, kuteremka Same hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ni nauli nzito. Wauguzi wetu wa Upare, nawasihi: kijana wa namna hiyo mpimeni presha mikono yote miwili. Tofauti ya presha ya juu ikizidi 10 mmHg, mwandikieni rufaa.