MANENO YA MUUZAJI: SHARTI AU MAELEZO TU?

(Hotuba kwa wavuvi na wafanya biashara wa Kendu Bay)



Chukulieni mfano wa mvuvi wa hapa Kendu Bay anayetaka mashua ya kuvulia omena. Mwenye mashua amwambia, "Mbao zake nzima, haivuji." Mvuvi alipa akiba yake yote. Juma la pili mashua yajaa maji. Je, adai nini?

Jawabu hutegemea maneno yale yalikuwa ya namna gani. Sheria ya Mapatano ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1961, hufuata kanuni za Uingereza, nazo hugawa maneno ya muuzaji katika mafungu mawili.

La kwanza ni masharti, yaani ahadi zilizomo ndani ya mapatano yenyewe. Sharti likivunjwa, mnunuzi ana haki ya fidia, hata ikiwa muuzaji hakukusudia uwongo.

La pili ni maelezo, yaani maneno ya kumvuta mtu aingie katika mapatano. Yakiwa si kweli, mnunuzi aweza kuomba mapatano yafutwe arudishiwe fedha zake, ila asikawie. Lakini akitaka fidia, kwa kawaida hana budi kuthibitisha kwamba muuzaji alidanganya au alisema bila uangalifu.

Hakimu hutambuaje? Uingereza, mwaka 1947, mtu aliuza mashua akisema ni nzima, lakini akamshauri mnunuzi aipeleke ikaguliwe. Mahakama iliamua kuwa hayo yalikuwa maelezo tu, kwani muuzaji hakujifunga. Mwaka 1965 mambo yalikuwa kinyume. Mfanya biashara wa magari alisema gari limekwenda maili 20,000 tu tangu kutiwa injini mpya, kumbe ni karibu 100,000. Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa ni sharti, maana yeye ndiye aliyekuwa na njia ya kuujua ukweli.

Basi, anayenunua mashua, injini au ng'ombe na aseme wazi kabla ya kulipa: "Nanunua kwa sababu umesema haivuji, isipokuwa hivyo, sinunui." Kisha neno hilo liandikwe katika hati, wote wawili watie sahihi mbele ya mashahidi. Naye muuzaji asiyekuwa na hakika aseme, "Sijui, kaguzeni." Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.