SUNGURA ALIYEZAA AANGALIWE ASUBUHI NA JIONI

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika na darasa la kisomo cha watu wazima. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tunawashukuru kwa kuja, maana tunajua maharage yanangoja kupigwa. Leo hatuna habari za mbolea wala za mizani. Tuna habari za sungura. Wapo wanaocheka. Wacheke, halafu wasikilize.

Sisi watu wa Ufipa ng'ombe tunamjua. Maksai akikataa majani asubuhi, mwenye plau anajua kabla jua halijapanda. Lakini sungura tumewaachia watoto, tunasema ni mnyama wa kuchezea. Basi akiugua, mtoto anabaki peke yake na mgonjwa wake.

Mwaka jana mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, sungura mweupe wa mtoto mmoja wa darasa la tano alizaa watoto saba. Mtoto alimwita Pamba. Siku ya pili akaja kwetu barazani: "Babu, Pamba hali." Tukamjibu, "Mwache, amechoka na uzazi." Siku ya tatu akarudi, akasema titi moja limekuwa gumu na lina moto. Hapo tukafanya kosa kubwa zaidi. Mmoja wetu alikuwa na kapsuli za rangi mbili, masalio ya dawa aliyopewa mtu kwa ajili ya kifua. Tukafungua moja, tukaikoroga na maji, tukamnywesha. Akaharisha, na siku ya tano akafa. Watoto wake tukawahamishia kwa jike mwingine aliyezaa wiki ile ile. Baada ya siku chache huyo naye akavimba matiti. Ndipo tulipomwita Bwana Mifugo. Alimchoma sindano, akatuelekeza la kufanya, na huyo wa pili akapona.

Yule mtoto hakutulaumu. Aliuliza tu kwa nini Bwana Mifugo hakuitwa siku ile ya kwanza. Hatukuwa na jibu. Tunayasema haya mbele yenu kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi wazee. Mtoto aliona mapema.

Sasa tufuate somo moja moja.

Kwanza, tujue hali ya uzima. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi. Akikaribia kuzaa hunyonyoa manyoya yake na kutandika kiota. Mara nyingi huzaa usiku au alfajiri, na kazi yote humalizika upesi. Damu kidogo siku ile si ugonjwa. Tena msishangae mkiona hakai na watoto. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Kujua kama wameshiba, tazama matumbo yao: aliyeshiba tumbo ni la duara, mwenye njaa ngozi imejikunja. Aliyekufa atolewe mara moja.

Pili, dalili za hatari. Dalili kubwa ni kutokula. Sungura si kama ng'ombe. Tumbo lake linataka kufanya kazi mchana na usiku, na hawezi kutapika. Akikaa siku nzima bila kula, na gololi za kinyesi zikakoma, yuko hatarini hata kama hajaonyesha kidonda chochote. Msingoje kesho.

Dalili za matiti: titi moja au zaidi huwa gumu, jekundu, lenye moto. Ugonjwa ukizidi hugeuka rangi ya bluu. Mama hukataa watoto kwa sababu ya maumivu. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye michubuko, hasa sanduku likiwa chafu au lina msumari uliojitokeza.

Dalili za kizazi: anajikamua lakini hakitoki kitu, au anatoa uchafu wenye harufu mbaya. Huenda mtoto au kondo la nyuma limebaki ndani. Msivute kwa mkono. Mwiteni Bwana Mifugo.

Dalili za kuishiwa nguvu: anayumba, anatetemeka au anapata degedege. Humpata zaidi jike aliyenenepa mno, au aliyeacha kula siku za mwisho za mimba na za mwanzo baada ya kuzaa. Huyo naye ni wa Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Tatu, la kufanya wakati tunamngoja Bwana Mifugo. Mweke mahali pakavu, pasipo upepo. Huku kwetu Juni na Julai usiku unauma, nanyi mnajua. Mpe maji safi na majani mabichi laini. Titi likiwa gumu, likandwe taratibu kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ya kiasi, mara kadhaa kwa siku. Yasiwe ya kuunguza. Kama hali lakini bado anameza vizuri, twanga majani anayoyazoea, changanya na maji, umpe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Aliyelegea kabisa asinyweshwe kitu, kitampalia.

Nne, na hili tunawaomba mlishike sana: dawa za watu zisitiwe kinywani mwa sungura. Ampisilini, amoksilini na ndugu zake za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua vijidudu vyema vinavyosaga majani tumboni mwake. Vibaya vinabaki na kuzaana, anaharisha, anakufa. Ndivyo alivyokufa Pamba. Sindano ni kazi ya Bwana Mifugo, ambaye anajua dawa gani na kiasi gani.

Tano, watoto wa mama mwenye ugonjwa wa matiti wasipelekwe kwa mama mwingine. Wanabeba ugonjwa midomoni mwao. Hata mkono uliomshika mgonjwa unauhamisha, kwa hiyo tunawe kwa sabuni. Nyasi za kiota chake zichomwe, sanduku lioshwe na kuanikwa juani. Aliyekufa kwa ugonjwa afukiwe, asiliwe. Aliyechomwa sindano asichinjwe mpaka zipite siku atakazotaja Bwana Mifugo.

Sita, kinga. Sanduku liwe na nyasi kavu, misumari ipigwe ndani kabisa. Nyasi zisikosekane bandani, na pumba iwe ya kiasi. Msimpe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo. Majani ya mparachichi yakatazwe kabisa: yana sumu, na kwa mnyama anayenyonyesha sumu hiyo huharibu matiti yenyewe. Tena dume atengwe, maana jike anaweza kushika mimba siku ile ile aliyozaa. Apumzike mpaka watoto waache kunyonya.

Ndugu wanachama, mwaka 1973 wazazi wetu walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tusiishie kusikiliza. Kamati imekubaliana mambo mawili. Jambo la kwanza, namba ya simu ya Bwana Mifugo itaandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa ghala. Jambo la pili, kila mwenye sungura aliyezaa awe na daftari, na kwa siku 14 aandike asubuhi na jioni: amekula au hakula, gololi zipo au hazipo, matiti ni laini au magumu, watoto ni wangapi. Wanakisomo wasiojiamini kuandika waandike hayo hayo. Ni maneno machache, na yana kazi.

Yule mtoto sasa ana jike mwingine, mtoto wa Pamba, wa pekee aliyesalia katika wale saba. Anatazamiwa kuzaa mwisho wa mwezi huu. Daftari lake amekwisha lipigia mistari. Akija barazani kwetu na kusema hali, safari hii tutainuka.



Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati