Njia ya Mtandao Ikikatika, Tujue Mara Moja



Kazi ya mkaguzi ni kusoma vitabu, na siku hizi vitabu vingi vya ushirika vimo ndani ya kompyuta. Chama kinachoandikisha mizigo kwa mtandao kimeifanya njia hiyo kuwa sehemu ya mizani, na yakipasa kuilinda kama mizani yenyewe.

Viko vyama vilivyolipia njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ishike. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Ruta, yaani chombo kinachochagua njia ya kupitisha habari, haihami mpaka itambue kwamba njia ya kwanza imekufa. Wala taa ya kijani isitudanganye. Kati ya ruta mbili mara nyingi huwapo swichi. Waya ukikatika mbele ya swichi hiyo, taa ya upande wetu huendelea kuwaka, na ruta huendelea kutuma habari kusiko na mpokeaji.

Ruta hujuliana hali kwa salamu. Katika kanuni ya njia iitwayo OSPF, kwa kawaida salamu hutumwa kila sekunde 10, na jirani huhesabiwa kuwa ametoweka baada ya kimya cha sekunde 40. Katika muda huo karani aweza kubonyeza mara tatu asijue lipi limefika. Hapo ndipo gunia moja laweza kupata stakabadhi mbili, au likakosa kabisa, na mkulima na karani wakatiliana shaka bure.

Dawa ipo. Ni kanuni iitwayo BFD, iliyochapishwa mwaka 2010. Ruta mbili hutumiana salamu fupi kwa haraka. Zikipangiwa milisekunde 300, na salamu 3 zikikosekana mfululizo, hitilafu hujulikana kabla ya sekunde moja kwisha. BFD haihamishi safari. Hupiga mbiu tu, na OSPF ndiyo ihamishayo.

Katibu hatakiwi kuwa fundi, bali ajue la kumwuliza fundi. Kwanza, je, BFD imewekwa pande zote mbili? Upande mmoja peke yake haufai kitu. Pili, imefungamanishwa na kanuni ya njia? La sivyo, mbiu italia bila msikilizaji. Tatu, kipimo chalingana na hali ya njia? Njia ya redio inayoyumba wakati wa mvua, ikipewa milisekunde 50, itatangaziwa kifo ingali hai, na kuhamahama huko ni hasara nyingine. Nne, njia mbili zapita mahali tofauti kweli? Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Kutambua upesi hakusaidii pasipo na pa kuhamia.

Mwisho, kazi isipokewe kwa maneno. Siku ya makabidhiano, mbele ya kamati, waya uchomolewe mbele ya swichi, si kwenye ruta, maana hapo taa ingezimika na jaribio lisingethibitisha lolote. Mzigo wa majaribio uandikishwe wakati huo huo, na muda uliopotea uingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Nitakapokuja kukagua, ukurasa huo ndio nitakaoomba kwanza.