Uso usipotee kwenye fotokopi: programu ya nyeusi na nyeupe tuliyochagua

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa chama, Musumba. Tumeyapunguza kidogo juu ya nafasi.



Tulipoomba nafasi ya kusema juu ya foto, wengine walicheka. Watu wanatafuta mabati na mbegu, na hawa wa ONG wanaleta mambo ya foto! Muko na haki ya kucheka. Lakini kamateni namba iliyopita ya gazeti letu, mufungue ukurasa wa tatu.

Pale kuko mama mmoja wa hapa hapa. Mwaka 1977, vita ilipoingia Kapanga, alikuwa mtoto. Njiani kuelekea Angola akapotezana na mdogo wake, na tangu siku ile hawajaonana. Tukamupiga foto kwa telefone, foto nzuri kabisa. Tukaweka gazetini ili wale wanaopita Dilolo waivushe mupaka na kuionyesha kule. Gazeti likapita kwenye mashini ya fotokopi. Ikatoka nini? Kitambaa cha kichwa kinaonekana, kola ya blauzi inaonekana, na katikati kuko shimo jeusi. Mama alikamata karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza: "Huyu ni mimi?" Hakuna aliyecheka.

Mdogo wake atamutambua kwa nini? Kwa paji la uso la baba yao, kwa pengo la meno, kwa alama ndogo chini ya jicho. Vyote vilipotea. Kisha 1994, katika kambi za wakimbizi upande wa Goma, foto za watoto waliopotea zilionyeshwa ili wazazi wapite na kuangalia moja moja. Foto ya namna ile ni chombo cha kazi, kama vile daftari la majina.

Kwanza tulilaumu wino. Tukabadilisha wino, shimo likabaki. Njo tukaanza kuuliza: nani anaamua rangi fulani igeuke kijivu cha namna gani? Jibu ni kwamba kama wewe huamui, mashini itaamua peke yake.

Foto ya telefone inabeba picha tatu zilizolaliana: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Programu nyingi zinazichanganya kwa kipimo cha zamani cha televisheni, karibu 30 kwa mia nyekundu, 59 kijani, 11 bluu. Kipimo kile kilifuata namna jicho la mtu linavyoona mwangaza. Hakikufikiri ngozi yetu kwenye fotokopi ya Musumba. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga mwekundu mingi kuliko wa bluu. Ukichukua ile picha ya nyekundu peke yake, uso unakuja mbele, na makunyanzi na makovu yake. Ukichukua ya bluu, uso unazama, na tena kwa telefone za bei ndogo unajaa vumbivumbi. Batata waliofanya kazi ya studio wanajua: zamani za filimu walifunga kioo cha manjano, cha chungwa au chekundu mbele ya lensi. Ni jambo lile lile, ila leo kioo kinawekwa kisha foto kupigwa.

Basi tukakamata foto moja, tukaigeuza kwa njia mbalimbali, na zote tukazipitisha kwenye mashini ile ile. Kuangalia kwenye skrini peke yake kunadanganya, juu skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi.

Kitufe cha telefone chenyewe: shimo, kama mbele. Photoshop ni nzuri, hatukatai. Tangu 2007 iko na mahali pa kuongoza kila rangi peke yake. Lakini inataka malipo ya kila mwezi na karte ya benki. Kuko zile zilizovunjwa zinazozunguka kwa flashi; tulizikataa, juu virusi vya flashi ya namna ile vilishatulia orodha nzima ya wanachama. Darktable ni ya bure na ina nguvu, lakini ordinateri yetu ya paneli ya jua ilihema kama mtu anayepanda mulima.

Tulichagua GIMP kwa biro. Ni ya bure, na ukishaiweka haiombi intaneti. Tuliichukua Kolwezi, tukaileta na flashi yetu wenyewe. Ndani yake, kwenye menyu ya rangi, kuko sehemu ya kuchanganya kwa nyeusi na nyeupe yenye vipimo vitatu. Tunaanza na nyekundu 0.7, kijani 0.3, bluu sifuri; jumla ibaki 1 ili mwangaza usiruke. Kwa wanaotembea vijijini, Snapseed kwenye telefone inatosha: ile ya nyeusi na nyeupe, kisha kioo cha chungwa. Chekundu kabisa tunakiogopa kidogo. Kinapausha midomo, mtu anaonekana mgonjwa, na kikwembe chekundu chenye maua meupe kinageuka shuka tupu.

Tena, programu haiokoi kitu ambacho telefone haikuona. Musimupige mtu foto akiwa mbele ya ukuta mweupe unaowaka jua. Mukalisheni kivulini, karibu na mulango.

Foto ya rangi isifutwe hata siku moja. Ile ya kijivu iwekwe pembeni na jina lake. Na kugeuza rangi hakufuti mahali palipopigwa foto, kama telefone ilipaandika ndani. GIMP inakubali kuondoa habari zile wakati wa kutoa faili. Kwa watu waliokimbia vita, tunaziondoa kila mara.

Neno moja kwa wafadhili, kwa heshima. Mwaka jana mtu mmoja alituomba foto za nyeusi na nyeupe "ili mateso yaonekane vizuri". Hatukutuma. Hapa Katanga nyeusi na nyeupe iko na kumbukumbu yake. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, katika kazi yake ya 2006 aliwakata wafanyakazi wa foto za zamani za migodi, akawasimamisha ndani ya foto za rangi za viwanda vilivyokufa. Wale walikuwa watu wa wakati uliopita. Mama wa ukurasa wa tatu yuko, analima, anavaa kikwembe cha kijani. Tunamuweka kijivu juu ya fotokopi tu; ninyi tutawatumia za rangi.

Foto yake tumeifanya upya. Aliiangalia mara mingi, akasema maua ya blauzi yamepotea lakini uso ni wake. Iko kwenye ukurasa wa kwanza wa namba hii. Mdogo wake hajajibu bado. Mwenye foto ya ndugu aliyepotea ailete biro ikiwa ndani ya telefone, isiwe fotokopi.