Jibu Humtazama Anayeuliza

Natokea Bububu, Zanzibar, na leo nataka kukueleza habari ya ngazi.

Wiki iliyopita nilikaa barazani kwa jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei, anachambua mchele kwenye ungo. Akapiga hodi msichana mmoja, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kishikwambi mkononi, na nyuma yake msaidizi wa sheha. Mkeka ukatandikwa. Msichana akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa za kwao na za njiani, ndipo akaanza kazi yake. Maswali ya mwanzo hayakuwa na tabu: watu wangapi wanakula chungu kimoja, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, watoto wanasoma wapi. Kisha akasoma hili:

"Bibi, chukulia kuna ngazi ina vidato kumi. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata. Chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Wewe hivi sasa unajiona umesimama kidato cha ngapi?"

Bibi akaacha kuchambua. Akamtazama msichana, akamtazama msaidizi wa sheha, akasema: "Alhamdulillahi, mwanangu. Andika tano."

Tano ile sijaweza kuitoa kichwani. Mimi jirani najua kuwa mwezi huo huo bibi aliuza herini zake za dhahabu, alizovishwa siku ya harusi yake, ili mjukuu wake alipiwe tuisheni. Skuli yenyewe halipi; elimu bila malipo tunayo Zanzibar tangu tarehe 23 Septemba 1964. Lakini tuisheni ina bei yake, na bibi hakukubali mtoto abaki nyuma ya wenziwe. Sasa niambie, mwanamke aliyeuza herini zake za harusi kwa ajili ya mjukuu yuko kidato cha ngapi? Mimi namwona juu sana na chini sana kwa wakati mmoja.

Ngazi hiyo haikuchongwa kwetu. Aliibuni mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, na kitabu chake juu ya matumaini na hofu za watu wa nchi mbalimbali kilitoka mwaka 1965. Leo ndiyo inayotumika kupanga mataifa katika Ripoti ya Furaha Duniani. Kila nchi huulizwa watu kama elfu moja, majibu yao yakapigiwa wastani. Mwaka 2017 zilipangwa nchi 155. Norway ikawa ya kwanza, Tanzania ikawa ya 153. Nyuma yetu walibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati peke yao.

Weka hilo, kisha sikiliza jengine. Mwaka 2001 watafiti wa Afrobarometer, wanaopima maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, waliwauliza Watanzania wanaionaje serikali yao na mageuzi ya uchumi. Majibu yalijaa imani na uvumilivu kiasi kwamba wasomi, akiwemo Amon Chaligha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliipa ripoti yao jina la swali: hawa ni raia wasiohoji, au ni watu wenye subira waliowakabidhi viongozi dhamana yao?

Watu ni wale wale. Mbele ya muulizaji mmoja wameridhika, mbele ya mwengine karibu wanashika mkia wa dunia. Miaka kati ya tafiti hizo ni mingi na maswali hayafanani, nakubali. Lakini mimi niliyekaa kwenye baraza ile nasema sehemu ya jawabu iko machoni mwa bibi, pale alipomtazama msichana kisha akamtazama msaidizi wa sheha. Jibu humtazama anayeuliza.

Fikiri anachokipima mtu wa kwetu akiulizwa swali la ngazi. Akisema yuko chini kabisa, anaona anakufuru neema. Ana macho, ana pumzi, na jana kala. Akisema yuko juu, anajitafutia hasadi. Na pengine huyu mgeni ana msaada mfukoni, itakuwaje akikuta umejiweka kidato cha tisa? Hata salamu zetu ndivyo zilivyo. Ukimuuliza mtu habari, atakujibu nzuri, na baada ya nzuri ndipo atakwambia mtoto amelazwa. Anayeandika "nzuri" akafunga daftari ameondoka kabla ya habari yenyewe.

Na sheha je? Sheha wetu, mwakilishi wa serikali mtaani, ni mtu mwema, na mtafiti hawezi kuingia mtaani bila ya yeye kujua. Ni utaratibu, na unatulinda na matapeli. Lakini sheha huyo huyo ndiye anayekutambua unapotaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila ya kitambulisho hicho mambo mengi ya uraia wako yanakwama, kura ikiwemo. Mtu atasemaje wazi juu ya serikali yake, na anayemthibitisha kuwa ni mkaazi kakaa mkeka mmoja na mwenye kuandika? Afrobarometer wanalijua hili. Mwisho wa mahojiano humuuliza mtu: unadhani nani ametutuma? Wapo wengi wanaojibu kuwa ni serikali, ingawa mwanzoni walielezwa sivyo. Swali hilo nalipenda kuliko yote, maana humo mtafiti naye anapimwa. Ombi langu kwa masheha ni dogo: mfikisheni mgeni, mtambulisheni, kisha mkasubiri barabarani.

Upande wa manunuzi nao una haya zake. Dukani kwetu, ukutani, limening'inizwa kwa kamba daftari la mikopo, jalada limeloa mafuta ya taa. Fungua ukurasa wowote: sukari robo, mafuta kipimo kimoja, unga nusu, sabuni kipande, vocha. Mwisho wa mwezi mstari unapigwa juu ya deni, au haupigwi. Mama yule yule anayekopa sukari robo robo, akiulizwa na mgeni ananunua kiasi gani, atasema kilo. Si muongo, anasitiri nyumba yake. Na ile sahani ya futari inayovuka uwa kwenda kwa jirani, ikarudi kesho na kitu chengine ndani yake, hiyo haimo kwenye daftari la duka kabisa.

Kwa hiyo nawaheshimu sana wanaofanya ule utafiti mrefu wa mapato na matumizi ya kaya, chini ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Wale huenda mwaka mzima, wakakuta Ramadhani, wakakuta msimu wa wageni hotelini na miezi ya ukame wa pesa. Wanauliza ulikula nini, kiasi gani, ulinunua au ulipewa. Mtu husema kweli kwa wepesi zaidi akiulizwa habari ya sufuria kuliko akiulizwa habari ya maisha.

Kinachoniuma ni kwamba mtafiti akishaondoka na majibu yetu, harudi. Huko bara, shirika la Twaweza lilianzisha utafiti wa Sauti za Wananchi mwaka 2013: kaya 2,000 zikapewa simu na chaja za jua, wakawa wanapigiwa tena na tena, watu wale wale. Zanzibar hatukuwemo. Na hapa Bububu pana historia inayofanana na jambo hili. Sultani Sayyid Barghash alichukua maji ya chemchem yetu akayapitisha kwenye mabomba hadi mjini. Takwimu zetu nazo zinapita njia ile ile, zinakwenda mjini, na kutoka mjini zinavuka bahari. Mtafiti anaondoka na saa mbili za bibi, anapata shahada yake, na bibi hapati hata ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye ofisi ya sheha.

Basi juzi nikachukua takwimu mwenyewe, nikaenda nazo barazani. Nikamwambia: bibi, mwaka 2009 kuingia 2010, katika kila Wazanzibari mia, karibu 35 walikuwa hawamudu mahitaji ya msingi. Utafiti wa 2014 kuingia 2015 ukasema 30. Ule wa 2019 kuingia 2020 ukasema asilimia 25.7. Akauliza, hiyo ndiyo nini kwa lugha ya watu? Nikamwambia, ni kama mmoja katika kila wanne.

Barazani tulikuwa wanne siku hiyo: yeye, mimi, mjukuu wake na daftari zake za tuisheni, na muuza samaki aliyekuwa kapumzika kivulini. Bibi akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akaniuliza:

"Katika hawa wanne, wao waliandika ni yupi?"