Siku Baada ya Malipo ya Mwisho

Mpwa wangu ni mwendeshaji wa bodaboda huko Kitengela. Jumapili moja mwezi uliopita alifika kwangu amechangamka, akanipa simu yake nisome ujumbe. "Mjomba, nimemaliza," akasema. Ujumbe ulitoka kwa kampuni iliyomkopesha simu hiyo. Walimpongeza kwa kulipa deni lote, wakamwita mteja mwema, na papo hapo wakamwarifu kwamba sasa anastahili simu kubwa zaidi, bila malipo ya kwanza, kwa shilingi 80 tu kwa siku. Hakuwa amekuja kuniuliza kama aichukue. Alikuja kuniuliza achague nyeusi au ya samawati.

Nilimwambia avute kiti. Tukatafuta bahasha kuukuu na kalamu, na hesabu tuliyoifanya pale mezani ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii.

Simu aliyoimaliza aliitolea 2,500 siku ya kwanza. Baada ya hapo akawa anatuma 55 kila siku, siku 365. Hiyo ni 20,075. Ongeza zile 2,500, unapata 22,575. Simu iyo hiyo, siku aliyoichukua, ilikuwa ikiuzwa taslimu kwa 13,500 katika maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Tofauti ni 9,075. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mjomba, 13,500 ningezitoa wapi kwa mara moja?"

Jibu lake nalipokea kwa heshima. Kijana anayelipwa kwa safari, mia hapa, mia na hamsini pale, hana siku ambayo shilingi 13,500 zinalala mfukoni mwake. Kuna petroli, kuna kodi ya nyumba, kuna mtoto wa chekechea. Na bila simu ya maana asingewapata wateja wanaoita pikipiki kwa programu. Mkopo ule ulimpa chombo cha kazi, na chombo kikarudisha gharama yake. Kwa hiyo mkopo wa kwanza nauelewa, wala simlaumu yeyote aliyeuchukua. Unaoniuma ni mkopo wa pili, ule unaokuja siku ya pongezi, wakati simu uliyo nayo bado inafanya kazi yote uliyoinunulia.

Tuligeuza bahasha upande wa pili. Shilingi 80 kwa siku, mwaka mzima, ni 29,200. Kisha tukaandika hesabu nyingine. Je, kama angeendelea kutoa zile 55 alizozizoea, ila safari hii azitume kwenye akiba yake mwenyewe? Siku ya 246 angekuwa na 13,530. Miezi 8 na siku chache tu, na simu ya taslimu ingekuwa mkononi, bila malipo ya kwanza na bila deni. Yaani kazi ngumu kuliko zote, ile ya kujizoeza kutenga kitu kila siku iwe mvua iwe jua, alikuwa ameshaifanya kwa mwaka mzima. Kampuni iliuona mkono uliozoea kutoa, ikauwahi kabla haujapumzika.

Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Mikopo ya simu imejengwa juu ya maneno hayo hayo, na ninachouliza ni kibaba cha nani kinachojaa.

Tukumbuke mambo haya yalivyoanza. Mwezi Julai 2020, Safaricom kwa kushirikiana na Google walizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu janja ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Wakati huo shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na watu wengi walikuwa bado wanatumia kabambe, zile simu za vitufe. Nayo kampuni ya M-KOPA, iliyokuwa imeanza kwa kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku, ikaingia kwenye simu kwa mtindo ule ule. Leo ukipita kituo chochote cha matatu utakuta mwavuli, meza na vijana waliovaa fulana za kampuni wakikuita uchukue simu kwa kitambulisho tu. Mipango hii imewafungulia watu wengi mlango wa intaneti, na hilo nalisema bila kigugumizi. Lakini mlango huo sasa una mlinzi anayetaka ulipe kiingilio kipya kila mwaka.

Wenzetu wa Uingereza wamelipitia jambo linalofanana na hili. Kule watu wengi walikuwa wakichukua simu kwa mkataba wa miaka miwili na mtandao, na bei ya simu ilikuwa imefichwa ndani ya bili ya kila mwezi pamoja na dakika na data. Mwaka 2017 shirika la Citizens Advice lilitangaza kwamba baadhi ya mitandao mikubwa iliendelea kutoza wateja bili ile ile hata baada ya simu kulipiwa ikaisha, na kwamba kwa wastani mteja alikuwa akilipa pauni 22 za ziada kila mwezi. Pauni 22, kwa kifaa ambacho tayari ni chake! Tangu Februari 2020, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, Ofcom, anaitaka kila kampuni imjulishe mteja kabla mkataba wake haujaisha, na imwambie bei nafuu iliyopo. Huko kama hapa, pesa huvuja mahali pamoja: siku baada ya malipo ya mwisho, wakati mteja hajui kwamba yuko huru.

Tena huku kwetu kuna jambo la kifuli. Simu ya mkopo huja na programu ya kampuni ndani yake. Ukichelewa kulipa, kioo kinajifunga, na kinachobaki ni maelezo ya kulipa na namba za dharura. Mpwa wangu alifungiwa mara mbili mwaka jana, mara zote mbili siku za mvua, wakati abiria ni wachache. Hebu fikiria mzunguko huo: hakupata abiria, kwa hiyo hakulipa; hakulipa, simu ikafungwa; simu imefungwa, haoni wateja wa programu; bila wateja, atalipa na nini? Alihamisha laini kwenye simu ya mwenzake, akakopa 110, akafunguliwa.

Kenya tuna sheria ya kununua kwa malipo ya awamu, ya mwaka 1968. Inamtaka muuzaji akuandikie bei ya taslimu kabla hujaingia kwenye mapatano. Na inasema kwamba ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkopo, muuzaji haruhusiwi kukunyang'anya mali hiyo isipokuwa kwa kwenda mahakamani. Sheria hiyo ilitungwa watu wakimfikiria muuzaji mwenye lori, anayekuja kubeba kochi na redio huku majirani wakitazama. Haikuota kwamba mtu aliyeketi ofisini angeweza kuzima kifaa mfukoni mwako bila kusogea kitini. Mpwa wangu alivuka theluthi mbili siku ya 229. Angechelewa siku ya 230, au hata siku ya 364, kioo kingejifunga vile vile. Hakuna aliyemnyang'anya simu, ni kweli. Lakini kwa mwendesha boda, simu isiyofunguka ina tofauti gani na simu iliyobebwa? Naomba wabunge wetu walijibu swali hilo kwa maandishi. Mtu aliyekwisha kulipa theluthi mbili anastahili angalau siku kadhaa za kupumua kabla ya kifuli.

Nirudi kwenye simu ile iliyomalizwa, maana hapo ndipo kuna akiba. Mpwa wangu alikuwa na sababu zake za kutaka mpya. Chaji ilikuwa haifiki saa saba mchana, na simu ilikuwa nzito kufungua chochote. Tulimpelekea fundi ninayemwamini. Betri za simu huchoka baada ya kuchajiwa mamia ya mara, na ya mwendesha boda huchoka mapema zaidi kwa sababu inakaa juani kwenye usukani na kuchajiwa kutwa. Betri mpya na ufundi vilimgharimu 1,500. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi tu. Fundi alilisafisha bure. Ule uzito ulitokana na video za makundi ya WhatsApp zilizojipakua zenyewe mwaka mzima hadi nafasi ikaisha. Tulizifuta, tukazima kujipakua, na simu ikafufuka. Elfu moja na mia tano, msikilizaji, ni siku 19 tu za ile simu ya shilingi 80.

Kabla hujaondoka kwenye deni, hakikisha umeondoka kweli. Omba ujumbe unaosema deni limekwisha, uuhifadhi, kisha angalia kama ile programu ya kufunga imetolewa. Mpwa wangu alilazimika kupiga simu mara tatu ndipo ikatolewa. Na wewe unayetaka kununua simu ya mkono wa pili mtaani, usikubali kutoa pesa kabla muuzaji hajakuonyesha kwamba haina deni. Zipo simu nyingi zinazouzwa zikiwa zinafunguka leo, na baada ya siku tatu mnunuzi anashikilia kioo cheusi, huku aliyemuuzia hapatikani.

Siku simu ikichoka kweli, uliza itapata masasisho ya usalama kwa muda gani. Wauzaji wa mwavulini hawapendi swali hili, kwa sababu wanauza kamera. Samsung, kwa mfano, waliiahidi Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri, miaka 6 ya masasisho. Kuna simu nyingine za bei hiyo hiyo ambazo hupata machache sana kisha zinaachwa, na programu za benki huanza kuzikataa zingali nzima. Simu utakayokaa nayo miaka 4 kwa 20,000 ni rahisi kuliko utakayoibadilisha kila mwaka kwa 13,500.

Kuhusu pa kuweka zile 55, nilimwambia mpwa wangu kwamba kuweka peke yako ni kazi ngumu, kwa kuwa pesa iko kwenye simu ile ile unayonunulia mafuta. Yeye ndiye aliyenipa jibu bora kuliko langu. Kituoni kwao wako 10. Kila mmoja akitoa 55 kwa siku, ni 550. Baada ya siku 25 ni 13,750, bei ya simu ya taslimu na kava yake. Baada ya siku 250 wote 10 wamepata. Na wale watakaotangulia hawatasubiri miezi 8, watapata simu mapema kama waliokopa, bila ile 9,075 juu yake. Mama zetu wamenunua sufuria na mabati kwa njia hiyo tangu zamani, katika vyama vyao. Sijui kwa nini mimi sikuliwaza kwanza.

Rangi hakuchagua. Yeye na wenzake walianza kuchanga Jumatatu ya wiki jana, na mweka hazina ni yule mzee wao anayeuza chai kando ya kituo. Simu ya kwanza inanunuliwa siku ya 25, na wamekubaliana bila kupiga kura kwamba itamwendea kijana mmoja ambaye yake imefungwa tangu mvua za mwezi jana. Kwa sasa kila jioni anaazima simu ya mwenzake, anatia laini yake humo, anasoma pesa alizotumiwa na wateja, kisha anaitoa na kuifunga kwenye kipande cha karatasi mpaka kesho.